Posho Ishirini na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Waitara,

Mvua imeanza leo saa nane mchana, ya upepo, imeingia mpaka kitandani. Nilipokuwa nasogeza vitu nikakuta daftari lako. Kurasa mbili za mwanzo ni mwandiko wako: kamba mita ishirini, betri za tochi, sabuni ya Rhobi. Sijazichana. Naanza ukurasa wa tatu.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya kazi. Generoza, yule Mhaya wa chumba cha pili anayeshona magunia, amekuja kunigongea akiwa amejifunika mfuko wa mbolea kichwani.

"Rhobi, bosi wangu anatafuta karani wa mizani. Nimemwambia ninaye mtu. Usiniaibishe."

"Mbona hukumwita mtu wa kwenu?"

"Wa kwetu wako Muleba. Niwapigie filimbi?"

Nilicheka. Alipoondoka nikaanza kuwaza. Mtu haokoti kazi njiani akampa jirani bure. Kuna kitu anakitaka.

Lakini chumba hiki nimekilipia mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo ni kurudi Susuni, kwenye boma la kaka yako Heche, na huko sitakuwa mtu, nitakuwa kitu ulichokiacha. Kwa hiyo kazi naitaka. Ila nimejiapia jambo moja: sifanyi tena kazi ya maneno. Wewe ulishuka kwenye lile duara, lile shimo la dhahabu, kwa maneno tu, bila karatasi. Lilipobomoka Novemba likakufukia, mwenye duara alisimama mbele ya watu akasema, "Waitara hakuwa mfanyakazi wangu. Alikuwa mgeni, alikuja kusalimia."

Miezi saba ulikuwa unasalimia.

5 Machi

Mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda. Ghala liko njia panda ya Kemambo, mabati bado yanang'aa. Mwenyewe anaitwa Ezra Simioni, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, Mkurya kama sisi ila wa ng'ambo ya mpaka, amekulia Kehancha. Nilimwamkia shikamoo, akajibu, "Marahaba mama, karibu, kuja ndani, usinyeshewe."

Aliniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia darasa la saba, halafu miaka sita kwenye mizani ya chama cha ushirika mpaka kilipofungwa. Hakuuliza zaidi. Alinipeleka kwenye rundo la mahindi ya vuli, magunia sitini yaliyoshushwa asubuhi ile, akasema, "Hebu niambie haya."

Nikatoa punje nikaing'ata. Punje kavu hulia, tah! Hii haikulia. Ililala kwenye jino kama muhogo mbichi.

"Haya bado, mzee. Yanataka jua siku nne."

"Jua ya wapi na hii mvua? Tutayageuza tu."

Sikubishana. Si ghala langu. Tukarudi mezani, akachomeka kalamu mfukoni, nikajua sasa linakuja lenyewe.

"Mama, mimi nitakupatia laki mbili na posho. Fikiria, uniambie."

"Na mkataba?"

"Karatasi itakuja. Hakuna shida."

Mwenye duara naye alisema hakuna shida. Nakumbuka, kwa sababu ulirudi ukaniigizia anavyolitamka, ukivua buti kwa kulikanyaga kisigino na mguu wa pili, na tope likaruka mpaka kwenye sufuria.

Jumapili, 9 Machi

Laki mbili ni ndogo. Mizani ya magunia si kazi ya kukaa. Nilikuwa nimeweka laki tatu moyoni. Lakini kuna hiyo posho. Unajua mwenyewe watu wa ofisini, mshahara wao ni jina tu, wanaishi kwa posho. Kama posho yake ni nzuri, basi laki tatu inafika.

Nikamfuata Generoza akiwa anafua.

"Wewe wanakupa kiasi gani?"

"Ya kutosha chumvi."

"Generoza."

"Mwanamke haulizwi miaka wala mshahara."

"Na posho?"

Hapo uso wake ukafunguka. "Ah, posho! Posho ndiyo imeniweka mjini. Bila posho ningeshakufa."

"Kwani ni kiasi gani?"

"Wanaangalia mtu na mtu. Mwenye watoto anapata kubwa. Mimi wananipa ya mtu mmoja, na inabaki."

Inabaki! Na bado anakopa vocha kwangu. Ama ananidanganya, ama amefundishwa na bosi wake cha kunijibu. Mshahara anauficha, posho anaisifia. Nimeandika hapa ili nisisahau.

14 Machi

Mvua. Ukuta wa choo cha mama mwenye nyumba umelala.

Jumapili, 16 Machi

Heche amekuja kutoka Susuni na viazi vitamu nusu gunia, amelowa kama kuku. Nikampa taulo lako. Alilikunja baada ya kujifuta, akaliweka magotini, hakulirudisha mpaka anaondoka.

"Shemeji, nasikia unataka kuandikwa kazi."

Nani kamwambia? Sikuuliza. Njia nzima inaongea.

"Nimeitwa tu, shemeji."

"Kwetu nyumba ya Waitara ipo. Nimeanza kuiezeka upya."

Nikaanza kuhamisha viazi. Halafu akacheka peke yake, akasema, "Haya, kama ni lazima, usitaje bei wewe. Nyamaza kama baba yako. Siku ya mahari yako mimi ndiye nilikuwa msemaji wetu. Tulifika na ng'ombe kumi. Baba yako akaangalia zizi, akaangalia mbingu, akanyamaza. Mimi nikaongea, yeye kimya. Nikasifia, kimya. Mura, mpaka jasho! Nilipomaliza kuongea walikuwa kumi na wawili, na hakuna aliyeniomba."

Hadithi hiyo uliwahi kunisimulia wewe, ila kwako walikuwa kumi na watatu.

Alipoondoka nikaigeuzageuza. Nikinyamaza, Ezra atachoka, atatafuta mwingine, nami nitarudi Susuni kwenye nyumba inayoezekwa upya. Ushauri wa mtu anayekungoja nyumbani kwake ni ushauri wa namna gani?

Viazi ni vitamu lakini.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi kwa Ezra. Niliamua kuuliza posho wazi, kwa adabu.

"Mzee, ile posho inalipwaje?"

"Kila mwisho wa mwezi. Unachukua stoo."

"Stoo? Si ofisini?"

"Ofisini itakaa wapi?" Akacheka. "Unaenda stoo, unasaini, unaondoka nayo. Na yetu ni nyeupe, safi kabisa. Si ile chafu watu wanapatiwa huko kwingine."

Waitara, hebu sikia. Pesa isiyopita ofisini, inayochukuliwa stoo, na mwenyewe anajitetea kabla hujamuuliza kwamba ni safi. Hapa Nyangoto tunajua pesa za namna hiyo zinavyomalizika.

Nikajaribu njia nyingine. "Na kama mtu hataki posho? Ungeiongeza kwenye mshahara?"

Aliniangalia kama niliyetukana. "Mama, sasa ukiacha posho utakula nini?"

Yaani laki mbili anajua hainitoshi kula! Amekiri mwenyewe kwa mdomo wake. Nikaaga. Mlangoni nikasikia harufu ya rundo lile la mahindi, harufu ya joto kidogo, kama nguo iliyokunjwa mbichi. Sikusema.

27 Machi

Hakuna karatasi. Nimepalilia mchicha.

2 Aprili

Hakuna karatasi. Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Generoza amekuja na uso mrefu. Anasema kuna kijana kutoka Mwanza, Faustine, amekwenda kwa Ezra, yuko tayari kwa laki moja na nusu.

"Umemwona kwa macho?"

"Nimemwona. Ana shati la mikono mirefu."

"Anajua kung'ata punje?"

"Meno anayo."

"Na wewe unaniambia ili nifanye nini?"

"Ili ukubali, Rhobi! Kubali laki mbili, chukua na posho, tukae hapa wawili. Ukienda Susuni mimi nitabaki na nani?"

Nilimwangalia. Bosi akitaka kumtisha mtu, humtuma nani? Humtuma rafiki yake. Nikamwambia nitafikiri, nikafunga mlango kabla hajamaliza kusema. Nilimsikia amesimama nje kwa muda. Sijawahi kumfungia mtu mlango hivyo.

Nilikukumbuka wewe dukani. Ulikuwa unalipa bei ya kwanza unayotajiwa, nami nikikukanyaga mguu unasema, "Wacha naye ale." Kila mtu alikula, Waitara. Mwenye duara naye alikula. Nilikuwa nakupenda kwa jambo hilo, na sasa nalikasirikia, na sijui nilifanyeje.

11 Aprili

Hakuna karatasi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani nilikaa mbali na Generoza. Alinipungia mkono, nikajifanya natafuta ukurasa.

Alhamisi, 24 Aprili

Karatasi imekuja. Dereva wa lori ameniletea katika bahasha ya kaki. Nimeisoma mara nne, ya mwisho nikiwa nimesimama.

Jina langu lipo, limeandikwa vizuri, na h ya Rhobi iko mahali pake. Kazi: karani wa mizani. Mshahara: 200,000 kwa mwezi. Chini yake: Posho: 25 kwa mwezi.

Ishirini na tano. Elfu ishirini na tano! Ndiyo hiyo posho iliyomweka Generoza mjini? Ndiyo inayobaki? Wamekaa wote wawili wakanichezea, mwezi mzima na siku zaidi. Na hata sifuri hawakuziandika, ili siku nikilalamika waniambie ni shilingi ishirini na tano.

Hakuna mahali palipoandikwa nikiumia itakuwaje.

Nilitaka kuichana. Nikakumbuka kwamba wewe hukuwahi kupata hata ya kuchana. Nimeiweka kwenye daftari.

Jumatatu, 28 Aprili

Naandika yote, kwa sababu nataka kulikumbuka jinsi lilivyokuwa.

Nimefika saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata mtu hasikii kikohozi chake. Ndani ya ghala harufu ilinipokea kabla ya watu. Yale magunia sitini ya Machi yalikuwa yamefunguliwa na kumwagwa chini, na mahindi yamefanya ukungu wa kijani, yameshikana mabonge. Vijana wawili walikuwa wanayapiga kwa koleo. Generoza alikuwa kwenye kona yake na sindano ya magunia. Aliniona, akainamisha kichwa.

Ezra alikuwa mezani, macho yamechoka. Nikaweka karatasi mbele yake.

"Mzee, hii ishirini na tano ni nini?"

"Si ndiyo posho."

"Ndiyo yote?"

"Mama, kwa mtu mmoja! Huwezi kumaliza hiyo kwa mwezi."

"Naimaliza siku mbili."

Akavua miwani. "Siku mbili? Wewe peke yako? Unakula na nani?"

"Mzee, usinicheke. Elfu ishirini na tano ni pesa gani siku hizi? Mafuta tu na sabuni imekwisha."

"Elfu?" akasema. "Elfu gani? Nani ameongea elfu? Mimi nikupatie kilo elfu ishirini na tano, nitoe wapi lori?"

Tukaangaliana. Halafu akaacha Kiswahili. Akaniuliza kwa Kikurya, polepole, kama anavyouliza mtu wa nyumbani, kwani mimi nadhani posho ni kitu gani. Na alipolitaja jambo lenyewe kwa lugha ya mama zetu, lilikuwa unga. Unga wa ugali. Kilo ishirini na tano za unga mweupe, unazochukua stoo, unasaini, unaondoka nao kichwani.

Kwao ng'ambo posho ni unga. Huku kwetu posho ni pesa. Sote wawili tungesema kwa Kikurya toka siku ya kwanza tusingepotea, ila mimi nilijitia Kiswahili cha ofisini ili anione nimesoma, naye akajitia cha kwake ili nimwone bosi.

Generoza alikuwa amesikia yote. Alicheka mpaka sindano ikamdondoka. "Rhobi! Ulidhani mimi nalipwa posho kama mbunge?"

Hata Ezra alicheka. Mimi nilicheka pia, machozi yakanitoka, na katikati ya kucheka nikaelewa kwamba kama posho ni unga, basi mshahara ni laki mbili tupu. Nikaacha kucheka.

Sikupanga. Nilikaa tu, nikaweka mikono magotini, nikaangalia yale mahindi. Nikamwona baba mbele ya zizi.

Ezra akasema, "Sasa tumeelewana. Utasaini?"

Mvua ilipiga mabati. Nikanyamaza.

"Laki mbili si mbaya, mama. Kuna kijana anataka kwa laki moja na nusu."

Kwa hiyo Faustine yupo. Generoza hakunidanganya. Nikamwangalia, naye akatazama pembeni. Nikanyamaza.

"Haya, kwa sababu ya usumbufu, tuseme laki mbili na ishirini."

Koleo lilikwaruza sakafu. Bonge la mahindi likapasuka, vumbi la ukungu likapanda, sote tukaziba pua. Ezra akaliangalia. Nikajua anakumbuka jino langu la tarehe nane Machi. Sikumkumbusha. Mtu akijisuta mwenyewe, usimsaidie.

"Laki mbili na nusu," akasema, kama anayejibu mtu.

Nikanyamaza. Ilikuwa ngumu, Waitara. Nilitaka kumwonea huruma. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema basi mzee, inatosha, wacha naye ale. Nikaukaza kwenye meno.

"Mama, sema basi! Unanitoa jasho. Laki mbili na themanini. Na posho. Hapo nimefika mwisho wa kamba."

Laki tatu ilikuwa karibu, nadhani ningeifikia kwa kimya kidogo tena. Lakini nilikuwa na jambo moja tu la kweli la kuomba, na niliogopa nikimkamua mpaka tone la mwisho, jambo hilo litakosa mahali pa kuingia. Nikafungua mdomo.

"Mzee, laki mbili na themanini nimekubali. Ila ongeza mstari mmoja kwa mkono wako. Andika kwamba mimi ni mfanyakazi wako, na nikiumia au nikifa nikiwa kwenye ghala hili, wewe utasema hivyo mbele ya watu."

"Sasa hiyo ni ya nini? Mizani haibomoki."

"Andika tu, mzee."

Alishika kalamu, akaiweka, akaniangalia kwa muda. Sijui kama Generoza alikuwa amemwambia habari zako. Akaandika. Mwandiko wake ni mbaya, kama kuku amepita, lakini kila neno linasomeka. Akasaini, nikasaini, kijana wa koleo akawa shahidi.

Naanza kazi tarehe mbili.

1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimepumzika.

Jumamosi, 10 Mei

Kazi ni kazi. Mgongo unauma. Punje nang'ata kutwa nzima, jino la kushoto limeanza kulalamika.

Leo tumerudi pamoja, mimi na Generoza, tukitafuta mawe ya kukanyagia. Nikamwambia, "Nilikufungia mlango. Nisamehe."

"Uliufunga kwa adabu, haukulia."

Tukaenda kidogo. Halafu bila kuniangalia akasema, "Laki moja na thelathini."

"Nini?"

"Mshahara wangu. Miaka mitatu. Wewe ukaniuliza, nikaona aibu. Ningekutajia, ungesema kumbe ndivyo wanavyolipa, ungechukua kidogo kama mimi."

Nilisimama katikati ya maji. Muda wote ule nilidhani anaficha donge nono. Nikamwambia aende kwa Ezra, akae mbele yake, anyamaze.

"Mimi? Ninyamaze? Rhobi, nikinyamaza dakika moja kichwa kinaniuma."

Jumatano, 14 Mei

Generoza amekwenda. Alinyamaza, anasema, kwa kuhesabu mabati ya paa moja moja. Alipofika bati la arobaini Ezra akapandisha mikono, akasema, "Nani anawafundisha nyinyi?" Laki moja na themanini, na karatasi ya kwanza ya maisha yake. Ameitundika ukutani juu ya kitanda, palipokuwa na kalenda.

Jumapili, 18 Mei

Heche amekuja. Nimempikia ugali wa posho, ile ya kwanza niliyotangulizwa siku ya kuanza kazi. Nikamsimulia kimya cha baba, akapiga paja. "Nilikuambia! Nilikuambia!" Halafu akasukuma sahani.

"Basi hurudi."

"Sirudi, shemeji. Nitakuja kusalimia."

Neno hilo lilituchoma sote wawili. Akaangalia dirishani. Akasema bati zimeshapigwa, nyumba itakaa hivyo hivyo, haitapangishwa. Mpaka sasa sijui alitaka nirudi kwa ajili yangu, au kwa ajili yako, au kwa ajili ya ng'ombe wale kumi na wawili. Huenda naye hajui. Nilimfungia unga kilo tano. Taulo lako nimempa.

26 Mei

Mvua imepungua. Kumekauka mpaka kwenye choo.

Jumamosi, 31 Mei

Waitara,

Nimelipwa, na chumba nimekilipia. Leo nimechukua posho ya pili stoo. Unga wenyewe ni mweupe mno, usingeupenda. Wewe ulitaka wa mtama, na ulikuwa unaanza kuula ugali kwa pembeni, ukizunguka, ukiniachia katikati penye moto.

Mkataba nimeuweka ndani ya daftari hili, kwenye ukurasa wako wa kwanza, pale palipoandikwa sabuni ya Rhobi. Kulikuwa na nafasi moja niliyoiacha tupu siku ile: mtu wa kupewa taarifa. Kalamu ilitaka kuandika jina lako yenyewe. Leo nimeandika Generoza. Usikasirike. Ni kwa sababu yeye yuko karibu na ana mdomo.

Wewe nakuachia jambo lingine. Huko uliko, watu wakiuliza habari zangu, usikubali waseme nilikuwa mgeni kwako, nilikuja kusalimia. Waambie Rhobi ni wa kwako. Unikumbuke.